Kibali Mikononi mwa Mfalme

Tulimwacha Bi Faili amepiga magoti nyuma ya lori, funguo mkononi, afisa wa viwanja amemsimamia kichwani. Kifuniko cha sanduku la bati ndiyo kwanza kimefunguka, na Bi Faili akashika kifua. Wiki nzima mmeuliza aliona nini humo. Wapo waliosema nyoka. Yupo aliyeapa kuwa ni maiti. Haya, sogeeni.

Aliona ndevu.

Ndevu nyeupe, ndevu nyeusi, ndevu za kuning'iniza masikioni kwa lastiki. Chini yake nywele za bandia, mataji mawili ya karatasi ya dhahabu na pua moja kubwa ya plastiki. Jalada? Hakuna hata moja.

Kwa aliyejiunga nasi leo, Bi Faili ni karani wa kundi la maigizo linalozunguka mji hadi mji na kucheza nje, viwanjani. Lori lao likifunguliwa ubavu linakuwa jukwaa. Jina alilopewa na wazazi wake limesahaulika kiasi kwamba akiitwa kwa jina hilo ghafla, naye hugeuka kutafuta anayeitwa. Kaka yake ndiye mkurugenzi wa kundi, na ndiye mfalme katika kila mchezo wenye mfalme. Michezo isiyo na mfalme haichezwi.

Katika sanduku la bati la Bi Faili hukaa maisha yote ya kundi: vibali vya viwanja, mikataba ya waigizaji, ratiba za safari, bima ya lori, na mihtasari ya vikao ambamo watu waligombana hadi kutupiana viatu, naye akaandika, "Wajumbe walijadiliana kwa kina."

Sasa badala ya maisha ya kundi, zimetoka ndevu.

"Kibali ndicho hiki?" afisa akauliza. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa likanyooka chini ya koti, kitambulisho kinaning'inia shingoni, mwavuli kwapani ingawa jua lilikuwa linawaka.

Bi Faili akaeleza kwa adabu zote kwamba masanduku yapo mawili, yalinunuliwa siku moja duka moja, yamefanana kama mapacha, na kibali kimo katika lile pacha lingine.

Afisa hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha zaidi Bi Faili. Alisema yeye ataketi mstari wa mbele. Sehemu ya kwanza ya mchezo ikiisha kabla hajakishika kibali mkononi, atasimamisha onyesho, watu watarudishwa makwao, na kundi halitakanyaga tena kiwanja chochote cha mji huu. Alitaka kibali halisi chenye muhuri. Nakala hataki. Akaongeza kwamba yeye binafsi hapendi maigizo, kisha akaenda zake akachagua kiti kizuri kuliko vyote.

Bi Faili alibaki pale akihesabu hatari. Mji uliopita walifukuzwa uwanjani kwa sababu kama hiyo hiyo, na njia nzima waigizaji walikuwa wakinong'onezana. Mmoja alishasema wazi kwamba shangazi yake ana duka la vitambaa na anatafuta msaidizi. Wakifukuzwa na leo, kundi aliloliacha baba yao litatawanyika kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe.

Na kule mbele, tarumbeta ililia. Mchezo umeanza.

Alizunguka lori mbio hadi nyuma ya pazia, akamkuta wifi yake ana pini mdomoni, anashona mkono wa joho la hakimu. Huyu wifi, mke wa kaka yake, ndiye mtunza mavazi na vifaa vya jukwaani. Ugomvi wao wa masanduku ni wa miaka. Wifi huona makaratasi yanambania nafasi ya magauni, na Bi Faili huona magauni yanampelekea nondo kwenye makaratasi. Wakati wa kula hupakuliana vizuri tu. Wakati wa kupakia lori hawasalimiani.

"Wifi, sanduku langu liko wapi?"

Wifi akatoa pini moja moja, taratibu. Akaeleza kwamba magazeti ya zamani yanayowekwa juu ya meza ya mfalme yalinyeshewa njiani yakawa uji. Mfalme asiye na makaratasi mezani ni mfalme gani? Basi akafungua sanduku la karibu, akakuta Mungu si Athumani, limejaa.

"Karatasi ni karatasi, wifi," akamalizia.

Bi Faili alisogeza pazia kidogo, akachungulia. Jukwaani, mfalme ameketi, mguu wake wa kulia umepumzika juu ya bima ya lori. Mikataba ya waigizaji imerundikwa mezani kama kuni. Askari wa mfalme amesimama pembeni akijipepea kwa hati ya kukodi spika, tena anajipepea kwa nguvu, kwa maana joto lilikuwa kali.

"Na kibali cha kiwanja?"

"Kile chenye muhuri mwekundu?"

"Hicho hicho."

Uso wa wifi ukachangamka. "Kizuri kile. Muhuri unaonekana mpaka kwa waliosimama nyuma. Nimekiweka juu kabisa, ndiyo hati ya mjane."

Hapo ndipo Bi Faili alipokaa chini, juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Mchezo huu anaujua kama anavyoijua njia ya kwao. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza mjane analeta hati ya shamba lake kwa mfalme. Mfalme haisomi. Anaiinua juu, anaichana vipande vipande na kuwarushia watu. Hapo ndipo makofi yanapopigwa kuliko mahali pengine popote, na kaka yake anapapenda pale kuliko anavyopenda chakula.

Wifi naye akaelewa. Pini iliyobaki mdomoni nusura aimeze.

Walianza na njia rahisi. Bi Faili akasimama ukingoni mwa pazia, mahali ambapo mfalme angemwona na watazamaji wasimwone, akapunga mikono, akaonyesha muhuri kwa kugonga ngumi kiganjani, akatikisa kichwa mpaka kilemba kikamtoka. Kaka yake alimwona vizuri. Alidhani anasifiwa. Akapandisha sauti, akaongeza na kicheko kisichokuwemo kwenye mchezo.

Askari wa mfalme alipotoka kunywa maji, wakamtuma. Maskini, alirudi jukwaani, akainama sikioni kwa mfalme, akanong'ona. Mfalme hapendi kukatizwa akiwa amepamba moto. Akamzaba kofi. Watazamaji wakacheka wakadhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Askari alirudi nyuma ya pazia ameshika shavu, akatangaza kwamba hapeleki tena ujumbe wa mtu, hata kama lori linaungua.

Na mjane alikuwa ameshapiga magoti, ameanza kulia.

"Nenda wewe," wifi akasema.

Bi Faili akamtazama kama aliyetukanwa. Yeye? Alipokuwa msichana, baba yao alimpandisha jukwaani aseme maneno mawili tu, "Mgeni amefika." Mgeni alifika, akakaribishwa, akala, akaaga na kuondoka, Bi Faili bado amesimama pale mdomo wazi. Tangu siku hiyo alikimbilia makaratasi, na makaratasi hayajawahi kumcheka.

"Siwezi, wifi. Na yule afisa ananijua sura. Akiniona namnyang'anya mfalme kibali atajua kilitaka kuchanwa."

Wifi hakubishana. Alimvika joho la hakimu, mkono mmoja haujashonwa. Akainama kwenye sanduku la ndevu, akachagua nyeupe, ndefu kuliko zote, akazivuta lastiki hadi nyuma ya masikio. Kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya miaka yote ya ugomvi wao. Akachukua ncha ya kanga yake akamfuta jasho la paji la uso, polepole, kama anamfuta mtoto.

"Ukisahau la kusema, kohoa," akamwambia. "Mzee akikohoa, watu husubiri."

Akamsukuma.

Bi Faili aliingia jukwaani kwa magoti. Hakukusudia. Joho lilikuwa refu na ngazi zilikuwa mbili zaidi ya alivyodhani. Watu wakacheka. Alinyanyuka, akaona vichwa vimejaa kiwanja kizima mpaka kwenye magoli, wengine wamepanda juu ya ukuta. Mstari wa mbele kabisa ameketi afisa, mwavuli kati ya magoti. Kiti cha enzi nacho kina kaka yake, kibali kimeinuliwa juu kwa mikono miwili, tayari.

Alikohoa. Watu wakasubiri. Akakohoa tena. Wakasubiri tena. Kikohozi cha tatu kingekuwa cha kumpeleka hospitali, kwa hiyo akasema.

"Mtukufu Mfalme, usichane."

Mfalme akateremsha macho. Alimtambua palepale, kwa viatu vyake vya ofisini. Akatabasamu tabasamu la mwigizaji aliyeletewa zawadi ambayo hakuiomba.

"Nani huyu asemaye bila kuitwa?"

"Karani wako."

"Sina karani," akanguruma, akawageukia watu. "Mfalme hutawala kwa sauti. Makaratasi ni ya panya."

Makofi. Na maneno hayo, msomaji, hayakuwa ya mchezo. Ndiyo aliyoyasema kaka yake katika kila kikao, mwaka hadi mwaka, na kila mara Bi Faili aliinamisha kichwa akaandika kwamba wajumbe walijadiliana kwa kina.

Leo hakuwa na kalamu. Kitu kikampanda kutoka tumboni, kikapita kooni, kikatokea katikati ya ndevu.

"Hapo ulipokaa, nani alikuombea?" akauliza. "Unafika na tarumbeta zako, unakuta lango liko wazi. Unadhani limefunguliwa na sauti yako? Kuna mtu alikutangulia. Alikaa kwenye benchi la ofisi za watu akaambiwa njoo kesho. Akaenda kesho, akaambiwa mwenye kutia sahihi yuko msibani. Akarudi tena, akaambiwa muhuri umefungiwa kabatini na ufunguo umesafiri. Hakuchoka. Hiyo unayotaka kuichana, kaka, ndicho kiti chako."

Lile neno "kaka" lilimtoka bila kutaka, lakini halikumwondolea mtu raha. Kisha mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasema kwa sauti kwamba huyo mzee anasema kweli, hata yeye juzi aliambiwa njoo kesho. Kicheko kikaanzia hapo kikasambaa mpaka ukutani, makofi yakafuata, na safari hii hayakuwa ya mfalme.

Hilo ndilo lililoharibu mambo. Kaka yake angeweza kusamehe wizi, angeweza hata kusamehe moto. Kunyang'anywa makofi, hapana. Shingo ikamvimba. Akakaza vidole kwenye kibali, akaanza kuchana. Sauti ya karatasi ikaingia kwenye kipaza sauti, ikasikika kiwanja kizima kama kitambaa cha sanda kinachochanwa.

"Usichane."

Haikuwa sauti ya Bi Faili. Afisa alikuwa amesimama. Mwavuli umemwanguka, hana habari nao.

"Mpe karani karatasi yake," akasema.

Mfalme akamtazama. Bi Faili, aliyekuwa karibu kuliko mtu yeyote, aliona jinsi uso wa kaka yake ulivyobadilika chini ya poda. Vidole vikalegea. Kibali kikamwangukia Bi Faili mikononi, kimepasuka kidogo pembeni, muhuri mzima. Kwa mara ya kwanza tangu avae taji, mfalme amesahau maneno. Mjane, mwigizaji mwenye akili, akainuka akapiga kigelegele kama aliyeshinda kesi, na wapiga tarumbeta wakaelewa kwamba hapo ndipo pa kumalizia.

Pazia. Mapumziko.

Bi Faili alishuka jukwaani miguu haigusi ardhi. Watu walimshika mikono, bibi mmoja akamvuta ndevu kuhakikisha. Moyoni alijua jambo moja, na lilikuwa tamu kuliko asali: maneno yake yamemwingia kaka yake. Kichwa kile kigumu, leo kimeingiwa. Akavua ndevu, akamkabidhi afisa kibali kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa ule mpasuko wa pembeni.

Afisa alikisoma chote, juu hadi chini, akakikunja, akakitia mfuko wa ndani wa koti. Akasema kila kitu kiko sawasawa. Anakwenda nacho ofisini mara moja kukitolea nakala, atakirudisha mapumziko yakiisha.

"Ile sauti ya jukwaani," akaongeza, "haifundishwi. Ni ya kurithi."

Bi Faili aliona haya kama msichana aliyesifiwa nguo. Akashukuru. Yeye, karani anayedai sahihi hata ukichukua msumari mmoja stoo, hakumdai sahihi.

Nyuma ya pazia wifi alishaanza kukusanya makaratasi, anayanyoosha juu ya paja moja moja. Bila kuambiwa aliweka mikataba peke yake na ratiba peke yake. Kuhusu mihtasari ya vikao aliuliza kama na yeye ametajwa humo. Bi Faili akamjibu kwamba ametajwa, kwa heshima. Wakacheka, na kama mchezo ungekuwa wetu sisi tungefunga pazia hapohapo, watu wakaenda kulala na furaha.

Lakini pikipiki ikasimama nyuma ya lori.

Akashuka mwanamke mfupi mwenye kofia ngumu, vumbi mpaka kwenye kope. Akaomba samahani kwa kuchelewa, gurudumu lilipata pancha. Akatoa kitambulisho chenye picha, na picha ilikuwa yake.

"Mimi ni afisa wa viwanja. Naomba kukiona kibali chenu."

Bi Faili akatabasamu kwa upole, kama unavyomtabasamia mtu aliyepotea njia. Akamwambia kwamba mwenzake ameshakikagua na amekipeleka ofisini kukitolea nakala.

"Mwenzangu yupi?" mwanamke akauliza. "Ofisi ya viwanja ni mimi na mhudumu. Na mhudumu amejifungua juzi."

Bi Faili aliruka ngazi akatokea mbele ya pazia. Mstari wa mbele, kiti kitupu, mwavuli chini. Akatupa macho langoni. Yule bwana alikuwa anatoka zake, hakimbii, hageuki nyuma, mkono mmoja umebana mfuko wa koti. Kabla hajafika barabarani alisimama kidogo akalitazama lori, lile lori la baba yao, kama mtu anayekagua nyumba aliyowahi kulala. Kisha umati ukamfunika.

Alirudi nyuma ya pazia mbio. Kaka yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha enzi kilichobebwa huko, taji limemwangukia sikioni. Hakuwa amekunywa maji wala kuuliza kama watu wamefurahi. Hilo halijawahi kutokea.

"Kaka, yule bwana aliyesimama. Unamfahamu?"

"Nilidhani umeshajua, ukamwita wewe."

"Nimwite vipi mtu nisiyemjua?"

Kaka yake akamtazama mkewe. Wifi akainamia makaratasi, akaanza kunyoosha karatasi ambayo tayari ilikuwa imenyooka. Bi Faili akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na ile furaha yote aliyoshuka nayo jukwaani ikaanza kumwishia miguuni. Kumbe vidole vile havikulegezwa na maneno yake.

"Semeni," akasema. "Nani anajua na mimi sijui?"

Nje, kengele ya sehemu ya pili ikagongwa. Mwanamke wa pikipiki akapenyeza kichwa kwenye pazia, akauliza kwa adabu kama ile karatasi imepatikana, maana kazi yake haina subira.

Kaka yake alivua taji, akalishika mapajani.

"Kaa kwanza, mdogo wangu," akasema. "Sisi kwa baba hatukuzaliwa wawili. Tulizaliwa watatu, na yule bwana ni mmoja wetu. Na siku baba anakata roho, taji hili hakunivika mimi."